Mashindano ya kwanza ya farasi: maswali ambayo wapandaji wapya huuliza mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka mingi kutoka kwa wapandaji wanaojiandaa kuingia uwanjani mara ya kwanza, watoto kwa watu wazima. Mengi yanamhusu mpandaji mwenyewe: nivae nini, nikisahau itakuwaje, jaji atanionaje. Majibu yangu yatakurudisha kwa farasi kila mara, kwa sababu yeye hajui kwamba leo kuna mashindano. Anachojua ni kwamba ameamshwa mapema, amepakiwa kwenye trela, ameshushwa mahali penye bendera na vipaza sauti, na mtu wake leo ana mikono migumu kuliko jana. Kazi kubwa ya maandalizi ni kuifanya siku hiyo ifanane na siku zake za kawaida kadiri inavyowezekana.

Nitajuaje kwamba niko tayari?

Uko tayari ikiwa unaweza kumsimamisha farasi pale unapotaka, kumgeuza bila kumvuta mdomo, na kuendesha mwendo wote utakaotakiwa shindanoni ukiwa umetulia, hata siku ambayo yeye hana raha. Sifa ya mwisho ndiyo ngumu. Mtu akiniambia "jana nilifanikiwa kuruka sentimita 80," humwuliza: je, unaruka sentimita 60 kila siku bila kufikiria? Basi jiandikishe kwa 60, au hata 50.

Kanuni ninayoifuata bila kuilegeza ni hii: shindano la kwanza liwe daraja moja chini ya unachokiweza nyumbani. Mazingira mageni yatakula sehemu ya akili yako na sehemu ya akili ya farasi. Kitakachobaki lazima kitoshe kazi iliyo mbele yenu.

Nianze na shindano la aina gani?

Kuna milango mitatu ambayo wanaoanza huingilia.

Dresaji ni kuendesha farasi kwa mpangilio uliotangazwa mapema, hatua kwa hatua, jaji akitoa alama kwa kila hatua. Majaribio, ndivyo mipangilio hiyo inavyoitwa, ya ngazi ya chini kabisa huwa na mwendo wa kutembea na troti (mbio za taratibu) tu, bila kanta (mbio za kasi zaidi). Unakuwa peke yako uwanjani, na unajua kila kitu kitakachotokea kabla hakijatokea. Kwa mtu mwenye wasiwasi, mimi humshauri aanzie hapa.

Kuruka viunzi kuna furaha yake na ni rahisi kueleweka: ukiangusha mti unapewa makosa, usipoangusha huna makosa. Ngazi za mwanzo hutumia miti iliyolazwa chini au iliyopishanishwa kama herufi X.

Mlango wa tatu ni mashindano ya mtindo, ambapo wapandaji kadhaa huzunguka uwanja kwa pamoja na jaji huangalia mkao wako au mwendo wa farasi. Mengi hufanyika bila kuruka. Hatari yake ni msongamano: farasi ambaye hajazoea wenzake kumpita karibu anaweza kurusha mateke. Usiingie huko kabla hujafanya mazoezi na farasi wengine wanne au watano katika uwanja mmoja.

Lazima niwe na farasi wangu mwenyewe?

Hapana. Wapandaji wengi huanza na farasi wa shule yao, na mara nyingi hilo ni bora. Farasi mzee wa shule aliyekwisha kwenda mashindano mara nyingi atakufundisha mambo ambayo kocha hawezi kuyaeleza kwa maneno. Mpandaji mchanga juu ya farasi mchanga, katika siku ya kwanza ya wote wawili, ni mpango ambao nimeukataa kila nilipoombwa ruhusa.

Niandae karatasi gani?

Soma tangazo la mashindano mpaka mwisho, si tarehe na ada peke yake. Humo utakuta kanuni za mavazi, aina za lijamu (chuma cha mdomoni mwa farasi) zinazoruhusiwa, umri wa farasi, siku ya mwisho ya kujiandikisha, na chanjo zinazodaiwa. Chanjo ya mafua ya farasi hudaiwa sana katika mashindano, na ile ya pepopunda kila farasi anapaswa kuwa nayo hata asipotoka zizini. Angalia tarehe za chanjo mwezi mmoja kabla, kwa sababu haifai kumchanja farasi leo na kumsafirisha kesho. Anaweza kuvimba shingo au kupata homa ndogo.

Fundi wa kwato naye aje kama wiki moja au siku 10 kabla. Akija siku moja kabla na msumari mmoja ukakaa vibaya, huna muda wa kurekebisha.

Wiki za mwisho nifanye mazoezi gani?

Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi.

Wapandaji wengi hurudia jaribio zima la dresaji kutoka mwanzo hadi mwisho, kila siku, mpaka farasi anaanza kulikisia. Akifika pale anapojua kuna kusimama, anasimama kabla hujamwambia. Usifanye hivyo. Ligawe vipande: leo mzunguko wa kushoto na kusimama, kesho kubadilisha mwendo kutoka kutembea hadi troti kwenye alama. Jaribio zima mara moja kwa wiki linatosha.

Halafu mzoeze farasi mambo ya siku yenyewe. Farasi huona karibu pande zote kumzunguka, takriban nyuzi 350, kwa sababu macho yake yako pembeni mwa kichwa. Sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso na ile iliyo nyuma ya mkia ndizo zisizoonekana. Ndiyo maana mfuko wa plastiki unaopeperuka mbali pembeni, ambao wewe hukuuona, yeye keshauona na keshaanza kujiuliza kama una meno. Tundika kitambaa chenye rangi kwenye uzio. Weka meza na kiti mwisho wa uwanja, mtu akae hapo kama jaji, afungue na kufunga makaratasi. Washa redio. Mwombe rafiki apige makofi, kwanza kwa mbali. Kila jambo liletwe peke yake, pole pole, na farasi aruhusiwe kuliangalia kwa macho yote mawili. Ukimkaza hatamu ili asilitazame, umemthibitishia kwamba ni la kuogopwa.

Panda ukiwa umevaa nguo za mashindano angalau mara mbili. Koti hubana mabega, na buti mpya huchubua visigino. Na usibadilishe kifaa chochote katika siku 10 za mwisho. Katika shindano langu la kwanza nilimvalisha farasi lijamu mpya asubuhi ileile, kwa kuwa ilikuwa inang'aa na ile ya zamani imechakaa. Alitupa kichwa juu mzunguko mzima, na alikuwa na haki. Kilichomkera ni kile chuma kigeni mdomoni mwake, nami nililielewa hilo jioni, wakati wa kumvua.

Siku moja kabla ya mashindano, mpe kazi nyepesi ya nusu saa au mtembeze tu. Ambacho hakijaiva mpaka siku hiyo hakitaiva usiku.

Nitakumbukaje mpangilio wa dresaji?

Katika ngazi nyingi za mwanzo unaruhusiwa kuwa na msomaji anayesimama kando na kukusomea kila hatua kwa sauti. Uliza mapema. Hata hivyo jifunze mwenyewe, kwa sababu upepo unaweza kuichukua sauti yake.

Uwanja mdogo ni mita 20 kwa 40, ule mkubwa mita 20 kwa 60. Kandokando huwekwa herufi zinazoonyesha mahali pa kila hatua. Kwenye uwanja mdogo, ukianzia lango la kuingilia na kuzunguka kwa kufuata mwendo wa saa, herufi ni A, K, E, H, C, M, B, F. Jaji huketi C, mkabala na lango. Katikati kabisa kuna X ambayo haijaandikwa popote. Chora mstatili sakafuni kwa chaki au mkanda wa karatasi, uweke herufi, utembee kwa miguu yako mwenyewe huku ukisema kwa sauti: "Naingia A kwa troti, nasimama X, natoa heshima." Mwili hukumbuka mapema kuliko kichwa.

Mahali ambapo alama hupotea bure ni mzunguko wa mita 20. Wengi huuchora kama yai, kwa sababu huenda mpaka kwenye kona na kuufuata ukuta. Mzunguko wa C katika uwanja mdogo una nukta nne tu: C yenyewe, X, na nukta moja kila upande wa urefu, mita 10 kutoka ukuta mfupi. Herufi H na M ziko mita 6 kutoka kona, kwa hiyo nukta hizo za pembeni ziko mita 4 baada ya herufi. Gusa kila nukta kwa hatua moja kisha iache. Ukifanya hivyo tu, jaji atajua kwamba unamwongoza farasi na kwamba si yeye anayekupeleka.

Alama za dresaji husomwaje?

Kila hatua hupewa alama kati ya 0 na 10, kisha jumla hugeuzwa kuwa asilimia. 10 ni bora kabisa, 5 ni ya kupita kwa shida, 6 inaridhisha, 7 ni nzuri kiasi. Wanafunzi waliozoea mitihani ya shule huona 62% na kuinamisha kichwa. Usiinamishe. Kwa mara ya kwanza, asilimia 60 na kitu ni kazi ya heshima. Ukipewa karatasi yako, soma maneno ya jaji kabla ya namba. Sentensi kama "mkono usiotulia kwenye mizunguko" ina thamani kuliko nafasi uliyoshika, maana hiyo ndiyo inayokwambia ufanye nini Jumatatu.

Na kwenye viunzi, niangalie nini?

Kabla ya kuanza kuna muda wa kutembea njia kwa miguu. Tembea yote, kona zote, kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, ukifuata njia ileile utakayopita na farasi. Bendera nyekundu iwe kulia kwako kila unaporuka, nyeupe kushoto. Ukikiruka kiunzi kutoka upande usio wake, umeondolewa.

Pima nafasi kati ya viunzi vilivyo kwenye mstari mmoja. Hatua moja ya kanta ya farasi wa kimo cha kawaida hukadiriwa kuwa mita 3.6, na farasi hutua na kuondoka kama mita 1.8 kutoka kwenye mti. Jizoeze kupiga hatua za sentimita 90: hatua nne zako ni moja ya farasi, mbili ni za kutua, na mbili ni za kurukia. Ukihesabu hatua 20 kati ya viunzi viwili, ondoa nne, zinabaki 16, yaani hatua nne za kanta. Kwa farasi mdogo wa poni, au kwa miti ya chini inayorukwa kwa mwendo wa taratibu, hatua huwa fupi zaidi. Mpime farasi wako nyumbani ujue hesabu yake.

Kuangusha mti ni makosa 4. Farasi akikataa mara ya kwanza ni 4 pia. Atakapokataa mara ya pili au ya tatu, kulingana na kanuni za shindano, mnatolewa. Kuanguka ni mwisho wa mzunguko. Usivuke mstari wa kuanzia kabla ya kengele. Ikishalia, kwa kawaida una sekunde 45, ambazo ni nyingi kuliko zinavyosikika. Zitumie kuzunguka mara moja, kuvuta pumzi, na kupata kanta iliyotulia kabla ya kuelekea kiunzi cha kwanza.

Nivae nini?

Nguo safi zinazokukaa vizuri. Suruali ya kupandia ya rangi nyeupe au ya maziwa, shati la rangi nyepesi, koti jeusi au la bluu iliyokoza, glavu, na buti zenye kisigino kidogo. Mashindano mengi madogo huwakubali wanaoanza bila koti, na buti fupi zenye kinga ya ngozi ya miguu huruhusiwa. Nywele zifungwe na ziingie ndani ya wavu. Hakuna jaji aliyewahi kumpa mtu alama kwa bei ya koti lake. Lakini tandiko lenye matope ya wiki iliyopita linaonekana kutoka mbali, na linasema jambo kuhusu jinsi mnyama anavyotunzwa.

Helmeti yangu ya zamani inatosha?

Kama imewahi kuanguka nawe, haitoshi. Povu la ndani hubonyea mara moja tu, na ufa wake hauonekani kwa nje. Watengenezaji wengi hupendekeza ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi hata kama haijapigwa. Vaa helmeti yenye alama ya kiwango cha usalama, ifunge kidevuni, na usiivue ukiwa juu ya farasi hata unapopokea utepe wa ushindi.

Mwaka 2010, Courtney King-Dye, mpandaji wa dresaji aliyeiwakilisha Marekani katika Olimpiki ya 2008, alikuwa kwenye mazoezi ya kawaida bila helmeti. Farasi alijikwaa, wakaanguka, naye akapoteza fahamu kwa wiki kadhaa. Alikuwa bingwa, na farasi hakufanya ubishi wowote. Alijikwaa tu. Tangu 2021 helmeti ni lazima katika mashindano ya dresaji ya kimataifa, ambako zamani wapandaji wakubwa walivaa kofia ndefu za sherehe.

Farasi nimwandaeje?

Muogeshe siku moja kabla ikiwa hali ya hewa si ya baridi, na asubuhi mpige brashi vizuri. Kata nywele zilizojisokota, chana mkia kwa vidole kuanzia chini, safisha macho na pua kwa kitambaa chenye maji. Kusuka nywele za shingo ni desturi nzuri, lakini kwa mashindano madogo mara nyingi si lazima. Ukisuka, suka asubuhi. Ukisuka usiku farasi atajikuna ukutani, na utaamka ukute kazi yako imefumuka.

Dawa za kung'arisha manyoya zisipulizwe mahali pa kuweka tandiko. Zinateleza.

Nibebe nini?

Kwa farasi: tandiko, kitambaa cha chini yake na kingine cha akiba, hatamu, kamba mbili za kumwongozea, ndoo yake mwenyewe, nyasi zake mwenyewe, brashi, kifaa cha kusafishia kwato, sifongo, taulo, na kisanduku cha huduma ya kwanza chenye bandeji, dawa ya kusafisha jeraha na kipimajoto. Bebeni maji yenu pia, maana farasi wengi hukataa maji yenye harufu ngeni, na asiyekunywa yuko hatarini kupata msokoto wa tumbo. Kutumia ndoo yenu peke yenu kunapunguza pia hatari ya kurudi nyumbani na kikohozi cha zizi la mtu mwingine.

Kwako: nguo za juu za kufunika zile nyeupe, maji, chakula chepesi, nakala ya mpangilio, cheti cha chanjo, na pini za kufungia namba yako.

Pakia jioni. Halafu weka hatamu ndani ya gari kwa mkono wako mwenyewe, uione kwa macho. Inasahaulika kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo inayosafishwa mwisho na kutundikwa mahali tofauti.

Farasi wangu hajawahi kupanda trela. Itakuwaje?

Basi trela ianze leo, na isingoje siku ya mashindano. Iegeshe mahali tambarare, fungua mlango wa mbele ili aone mwanga, mpe chakula chake kwenye ngazi ya kupandia kwa siku chache, kisha ndani. Aingie na kutoka mara nyingi bila kufungiwa. Baadaye mfungie dakika tano, kisha mzunguke kwa safari fupi na kurudi nyumbani. Farasi aliyepakiwa kwa kelele na mijeledi alfajiri atafika akiwa ametota jasho, na utakuwa umeshashindwa kabla ya kutandika. Safari ikiwa ndefu, simama kila baada ya saa nne hivi umpe maji na kumpumzisha.

Nifike saa ngapi?

Hesabu kurudi nyuma. Tuseme zamu yako ni saa 4:00 asubuhi. Saa 3:50 uwe karibu na lango. Saa 3:20 uwe umepanda, ili upate nusu saa ya kupasha misuli moto. Saa 3:00 unatandika. Kabla ya hapo unahitaji kuchukua namba, kumtembeza farasi kwa kamba aone uwanja, meza ya jaji na watu, na wewe mwenyewe kwenda msalani. Kwa hiyo ufike saa 2:00, au saa 1:30 kama kuna njia ya viunzi ya kutembea. Muda ukizidi, farasi atakula nyasi. Ukipungua, mikono yako itatetemeka wakati wa kufunga mkanda wa tandiko.

Mkanda huo, kwa njia, uukaze mara tatu: unapotandika, kabla ya kupanda, na baada ya dakika 10 za kutembea. Farasi wengi huvimbisha kifua mara ya kwanza.

Uwanja wa kupasha moto una kanuni gani?

Hapa ndipo wageni huogopa zaidi, kuliko hata mbele ya jaji. Mnaokutana uso kwa uso mpishane kushoto kwa kushoto. Anayetembea aache njia ya ukutani kwa wenye mwendo wa kasi. Usisimame njiani kuzungumza na kocha. Sogea katikati. Acha nafasi ya urefu wa farasi mmoja, na ukiona utepe mwekundu mkiani mwa farasi, acha nafasi mbili au tatu, maana huyo hupiga mateke. Ukielekea kiunzi cha mazoezi, kitaje kwa sauti ili wengine wapishe. Watu hawatakuona mshamba kwa kupaza sauti.

Wala usimchoshe farasi. Wanaoanza hupasha moto saa nzima kwa sababu wana wasiwasi, wakiruka mti uleule mara 20, na wanapoitwa farasi hana kitu kilichobaki. Tembea dakika 10, troti pande zote mbili, kanta kidogo, miruko mitano au sita ya chini, basi. Ukipata mruko mzuri, acha hapo.

Natetemeka. Farasi atajua?

Atajua. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio zuri sana: watu walimwongoza au kumpanda farasi kutoka nukta moja hadi nyingine mara nne, na kabla ya mara ya nne wakaambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nayo. Farasi hawakuwa wameambiwa habari za mwavuli. Waliisoma hofu kwa watu wao.

Ninalipenda jaribio hili kwa sababu linaonyesha pa kuanzia. Huwezi kujiamuru usiogope, lakini unaweza kutoa pumzi. Hofu hukusanya pumzi kifuani, mapaja hukaza, mikono hupanda. Toa pumzi ndefu kuliko uliyovuta, mara tano, mkiwa mnatembea. Imba kwa sauti ya chini: mtu anayeimba hawezi kuzuia pumzi. Mwombe kocha au saisi akae karibu na asikupe maagizo mapya. Na waambie jamaa waliokuja kukushangilia kwamba picha na kukumbatiana ni baada ya kumaliza.

Nikikosea njia?

Kwenye dresaji kengele italia. Simama, msikilize jaji akuonyeshe pa kurudi, endelea. Unakatwa pointi chache, na kanuni nyingi hukutoa ukikosea mara ya tatu. Kwenye viunzi ni tofauti: ukiruka kiunzi kisicho chako, mzunguko umeisha. Ukihisi umepotea, ni afadhali uzunguke kidogo ukumbuke, hata kama utahesabiwa makosa kwa hilo.

Farasi akikataa kiunzi, nimchape?

La. Jiulize kwanza: nilimwelekeza katikati? Nilikuwa na mwendo? Nilitazama chini? Mara nyingi mpandaji ameshakataa moyoni hatua tatu kabla ya farasi. Mgeuze, pata mwendo mzuri, mlete tena ukitazama mbali, ng'ambo ya kiunzi, mguu ukimkumbatia. Akikataa tena, inua mkono kumwashiria jaji, shukuru, toka. Kujiondoa kwa hiari kunaruhusiwa wakati wowote, na farasi anayekataa asichowahi kukikataa mara nyingi anakueleza habari ya mgongo au mguu. Mwite daktari wa mifugo kabla ya kumlaumu.

Nikianguka?

Achia hatamu. Baki chini mpaka ujue viungo vyako viko sawa, na ukubali kuangaliwa na mtu wa huduma ya kwanza hata kama unajisikia mzima. Ukiwa umegonga kichwa, hupandi tena siku hiyo, na hili halina mjadala.

Wanawake na wanaume hushindana pamoja?

Ndiyo, hadi Olimpiki, jambo lisilo la kawaida katika michezo. Wanawake waliruhusiwa katika dresaji ya Olimpiki mwaka 1952 huko Helsinki, na mwaka huohuo Lis Hartel wa Denmark alishinda medali ya fedha, ingawa polio ilikuwa imempooza miguu kuanzia magotini na alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka.

Nikimaliza nifanye nini?

Shuka, legeza mkanda, mtembeze mpaka pumzi itulie. Mpe maji kidogo kidogo lakini mara nyingi, muoshe jasho, pitisha mkono kwenye miguu yote minne kutafuta joto au uvimbe. Farasi mzima aliyepumzika ana mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto la mwili karibu nyuzi 37.5 hadi 38.5. Vipime nyumbani siku ya kawaida ili ujue vya kwake, kisha vipime jioni ya mashindano na kesho yake asubuhi. Karatasi ya jaji itasubiri mpaka farasi awe amekula.

Nijiandikishe tena lini?

Mpe farasi siku moja au mbili zizini au malishoni, kisha pandeni kwa mazoezi mepesi. Kama anakuja mlangoni kukupokea kama kawaida yake na anapanda trela bila kusitasita, wiki tatu au nne zinatosha kabla ya kurudi, katika daraja lilelile. Kama anageuza makalio akikuona na tandiko, ahirisha, na mtoe kwa trela mara mbili tatu kwenda mahali pengine kula nyasi tu na kurudi, bila shindano lolote.